Usizime, Usiapdeti

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa selotepu juu ya skrini, imefifia mpaka ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: USIZIME. USIAPDETI. Chini yake, kwa mwandiko tofauti, mtu mwingine alikuwa ameongeza: TAFADHALI.

Ilikuwa 2023, ofisi ya sacco moja ya matatu hapa Nairobi, ghorofa ya pili, na kelele za makanga zikiingia kwa dirisha. Aliyeniita ni mweka hazina, mama wa makamo ambaye hata madereva wanaomzidi umri humwita Mama tu. Kompyuta yenyewe ilikuwa imezeeka, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na Mama alikuwa anaogopa siku itakayokataa kuwaka. Ndani kulikuwa na Windows 7, na programu iliyoandikwa kwa Python 2.7 mwaka wa 2014 na kijana aliyekuja pale kufanya mazoezi ya kazi, akamaliza miezi yake mitatu, akaenda ng'ambo, na sasa namba yake haipatikani. Kila jioni programu hiyo ilipokea makusanyo ya siku, ikatoa gharama za sacco, kisha ikagawanya kilichobaki sawasawa kwa magari yaliyofanya kazi. Miaka tisa hivyo. Haikuwa na intaneti, na haikuwa na shida.

"Iko sawa," Mama akaniambia. "Mimi nataka tu uihamishe kwa mashine mpya. Lakini nyinyi vijana wa kompyuta mna ugonjwa mmoja. Kitu kinafanya kazi, mnakigusa."

Nilicheka, lakini hayo maneno yalinifuata mpaka kwa nyumba. Usiku uliotangulia, kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa imejizima na kujiwasha nikiwa katikati ya kazi ya mteja. Ikaniambia nisubiri. Asilimia 30. Asilimia 30. Asilimia 30. Ilipoamka, nusu ya vifaa vyangu vya kazi vilikuwa havielewani tena na nusu ile nyingine. Kila developa unayemjua ana hadithi kama hii, na huisimulia vile watu husimulia ajali ya barabarani: mimi nilikuwa tu naenda zangu.

Tunapolalamika huwa tunalaumu upumbavu. Ati aliyetengeneza hiki kitu hakufikiria. Mimi siku hizi nadhani mara nyingi ni kinyume. Ukifuatilia historia ya hivi vifaa, nyuma ya kero nyingi utampata mtu aliyeketi akafikiria sana, na swali lililokuwa mezani pake ni lilelile: nani aumie, wanaotumia kitu hiki leo, ama watakaokuja kesho?

Tuanze mbali kidogo. Kwa Kiingereza rekebisho dogo la programu huitwa kiraka, na mwanzoni hilo halikuwa fumbo. Mashine ya Harvard Mark I, iliyoanza kazi 1944, ilisoma maagizo yake kutoka kwa utepe mrefu wa karatasi uliotobolewa mashimo. Ukitoboa shimo mahali pasipofaa, unakata kipande kidogo cha karatasi na kuliziba. Kiraka kabisa, kama cha suruali ya shule. Aliyekiweka alikuwa amesimama kando ya mashine, na kikiharibu kitu, alikuwa wa kwanza kujua.

Viraka vikaanza kusafiri. Mwaka 1985 Larry Wall, ambaye baadaye alibuni lugha ya Perl, aliandika programu ndogo iliyoweza kusoma orodha ya tofauti kati ya msimbo wa zamani na mpya, na kukutengenezea ule mpya. Sasa mtu wa bara moja angeweza kumtumia wa bara lingine mistari michache tu badala ya programu nzima. Lakini bado kiraka kilibisha hodi. Ulikipokea, ukakisoma ukitaka, ukakiweka siku uliyotaka wewe.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya miaka tisa kabla ya hapo, 1976, kwenye maabara za Bell Labs kule New Jersey.

Asubuhi moja Steve Johnson aliingia kwa ofisi ya mwenzake Stuart Feldman akiwa amewaka. Alikuwa amepoteza saa nyingi akitafuta kasoro katika programu ambayo haikuwa na kasoro. Kumbe alikuwa ameshairekebisha, ila alisahau kuugeuza ule msimbo mpya kuwa lugha ya mashine, kwa hivyo kompyuta ikaendelea kuendesha toleo la zamani. Feldman alimwelewa kabisa, maana yeye mwenyewe jioni iliyopita alikuwa amepigana na balaa hiyohiyo. Wikendi hiyo akaanza kutengeneza dawa: programu inayoangalia ni faili gani zimebadilika, na kuzijenga upya hizo tu. Akaiita make. Mpaka leo, ukitaka kuijenga Linux kutoka kwa msimbo wake, ni make utakayoiita.

Make ina sheria moja ambayo imewatoa watu machozi. Mstari wa amri lazima uanze na alama ya kitufe cha tab. Ukiweka nafasi nane za kawaida badala yake, kwa macho hutaona tofauti yoyote, lakini make itakataa na kukuambia kuna kitenganishi kinachokosekana. Nikiwa chuo nilimaliza usiku mzima nikiangalia mistari miwili iliyofanana kama pacha, mmoja unakubaliwa na mwingine unakataliwa. (Tab. Kwa Kiswahili jina lenyewe limebakisha herufi moja tu lisema ukweli: tabu.)

Ilitokeaje? Feldman alikuwa akijaribu chombo kingine kipya cha kuchambua maandishi, kikamsumbua, akaamua kutumia njia rahisi iliyofanya kazi. Wiki chache baadaye aliona kwamba sheria hiyo ni mbaya. Angeweza kuibadilisha. Ila wakati huo make ilikuwa tayari na watumiaji, kama kumi na wawili hivi, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwaharibia kazi.

Kumi na wawili! Hata matatu ya abiria kumi na wanne haijai. Kwa ajili ya hao, mamilioni ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa wameamshwa usiku na nafasi isiyoonekana. Na bado siwezi kumlaumu. Utamwambiaje rafiki anayekaa chumba cha pili kwamba faili zake zote zimeharibika leo kwa sababu wewe umebadilisha mawazo? Ile ilikuwa adabu. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba hao kumi na wawili ndio wachache zaidi atakaowahi kuwa nao, na kwamba kila siku anayongoja, gharama ya kubadilisha inapanda.

Guido van Rossum alikuwa na nafasi ya kujifunza kutokana na hadithi kama hiyo. Mholanzi huyu alitoa Python kwa mara ya kwanza 1991, na baada ya muongo mmoja na zaidi yeye na wenzake walijua vizuri ni wapi walikosea. Wakaamua kufanya kile ambacho Feldman alikataa kufanya. Tarehe 3 Desemba 2008 Python 3 ikatoka, na kwa makusudi kabisa haikuelewana na Python 2. Watu waumie sasa, mara moja, kisha yaishe.

Mabadiliko mengine yalikuwa madogo ya kuudhi. Kuchapisha neno kwenye skrini sasa kulihitaji mabano, kwa hivyo programu ndefu ya zamani ilikufa kwenye mstari wake wa kwanza wa kuchapisha. Mengine yalikuwa makubwa, na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: yalitufaa sisi. Python 2, isipoelekezwa vinginevyo, ilidhani dunia nzima inaandika kwa herufi za Kiingereza. Kiswahili kiliponea kwa bahati, maana hatuna alama juu ya herufi. Lakini jaribu kumwandikisha mtu anayeitwa Mũthoni, na ile alama juu ya u ihifadhiwe. Programu ingeenda vizuri wiki mbili, halafu siku Mũthoni wa kwanza anaposajiliwa, inaanguka. Tulizoea kuwavua watu alama za majina yao ili mashine isikasirike. Python 3 iliweka herufi za lugha zote ndani ya maandishi ya kawaida. Kama ningekuwa kwenye kile kikao, ningepiga kura ya kuvunja.

Halafu kulikuwa na kugawanya. Kwa Python 2, ukigawanya 7 kwa 2 unapata 3. Nusu inatupwa, kimya kimya, kwa sababu namba zote mbili ni kamili. Kwa Python 3 unapata 3.5, kama alivyofundisha mwalimu wako wa darasa la nne. Hilo badiliko halivunji programu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mabano yakikosekana utaambiwa. Jibu la hesabu likibadilika, hakuna kengele itakayolia. Wewe kumbuka tu hilo, tutarudi.

Maumivu hayakuisha mara moja. Kila aliyetaka kuhama alikuta kwamba maktaba za msimbo anazotegemea hazijahama, na wenye maktaba nao walikuwa wanangoja watumiaji wao wahame kwanza. Ni kama matatu mbili zimeingia barabara ya gari moja, kila dereva anasubiri mwenzake arudi nyuma. Python 2 ilipangiwa kuzikwa 2015. Mwaka 2014 wakaona haitawezekana, wakaiongezea miaka mitano. Ikazikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, miaka kumi na moja baada ya mrithi wake kuzaliwa. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 mwezi huohuo, Microsoft nayo ikaacha kuihudumia Windows 7. Ile mashine ya Mama ilifiwa na baba na mama ndani ya mwezi mmoja, na haikujua. Iliendelea kugawanya pesa.

Mpaka hapo, mtu bado angeweza kukataa. Na nadhani hapo ndipo hasira yetu ya leo inapotofautiana na ya Johnson. Yeye alikasirishwa na mashine iliyobaki nyuma, sisi tunakasirishwa na mashine inayokwenda mbele bila kutuuliza.

Hilo nalo lina tarehe. Tarehe 25 Januari 2003 mdudu aliyeitwa Slammer alisambaa kwenye seva za hifadhidata duniani kwa kasi ya ajabu. Ndani ya dakika kumi hivi alikuwa ameshazifikia karibu zote zilizokuwa wazi kwake. Kiraka cha kumzuia kilikuwa kimetolewa miezi sita kabla. Agosti akaja Blaster, na kiraka chake pia kilikuwa nje, mwezi mmoja kabla. Usipoziba ufa, ndiyo hivyo. Oktoba mwaka huo Microsoft ilianza kutoa viraka kwa ratiba, Jumanne ya pili ya kila mwezi, ili watu wa mitambo wajipange. Lakini somo kubwa zaidi waliloondoka nalo lilikuwa kwamba ukiwaachia watu waamue, hawataamua. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, aliyenunua toleo la nyumbani hakuwa tena na kitufe cha kusema hapana. Angeweza kuchelewesha kidogo, kuchagua saa. Kiraka kiliacha kubisha hodi.

Na tena, ukiniuliza kama walikosea, nitasitasita. Mei 2017 programu ya utekaji iitwayo WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali kule Uingereza, wagonjwa wakarudishwa nyumbani, na kiraka chake kilikuwa nje tangu Machi. Gari lisilo na breki halimuui mwenye gari peke yake.

Ninachokataa ni picha ya mtumiaji waliyokuwa nayo kichwani. Yule mtu wao ana intaneti isiyoisha na stima isiyopotea. Sisi tulipata nyaya za chini ya bahari mwaka 2009, na kabla ya hapo kila kitu kilipitia setilaiti kwa bei ya kulia. Hata baada ya nyaya, nenda leo kwa hosteli yoyote uone mwanafunzi aliyeunganisha laptopu kwa simu. Amenunua bando ya shilingi mia apakie kazi yake ya mwisho. Kompyuta inaona intaneti, inafurahi, inaanza kujivutia sasisho. Bando inaisha asilimia 60. Kazi haijapakiwa, sasisho halijakamilika, na kesho itaanza tena.

Sisi wenyewe waandishi wa msimbo si wasafi. Tumejenga mtindo wetu wa kubadilishiana vitu bila hodi. Machi 2016, mtengenezaji mmoja, Azer Koçulu, alikosana na kampuni ya Kik iliyotaka jina la kifurushi chake kwenye npm, ghala ambapo watu wa JavaScript huchukua msimbo wa wenzao. Wenye ghala wakaipa kampuni hilo jina. Koçulu akaondoa vifurushi vyake vyote, 273. Kimojawapo kiliitwa left-pad, mistari kumi na mmoja, kazi yake ni kuongeza nafasi au sufuri upande wa kushoto, ili 7 iwe 007. Miradi mikubwa ikaanguka kote duniani, kwa sababu inategemea kitu, kinachotegemea kitu, kinachotegemea mistari hiyo. Wengi wa walioanguka hawakuwa hata wamewahi kusikia jina left-pad. Baada ya saa mbili hivi wenye ghala wakairudisha, bila kumngoja mwenyewe. Mimi nilicheka sana siku hiyo, halafu nikaangalia mradi wangu nikakuta uko ndani, nikaacha kucheka.

Na Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro. Liliondolewa baada ya dakika 78. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka, ndege zikabaki chini, na mashine nyingi zilihitaji mtu aende mwenyewe, azime, awashe kwa njia ya dharura, afute faili moja kwa mkono. Baada ya miaka themanini tukawa tumerudi palepale pa Harvard, mtu amesimama kando ya mashine.

Mengi ya haya niliyawaza nikiwa nimekaa mbele ya feni ya Mama. Niliandika programu yake upya kwa Python 3, lakini sikuizima ile ya zamani. Nikaweka mashine mbili sambamba, kila jioni tunaziingizia makusanyo yaleyale, tunalinganisha. Siku ya kwanza majibu hayakufanana. Kilichobaki cha kugawanya kilikuwa shilingi 41,000, magari 33. Mashine ya zamani ilimpa kila mwenye gari 1,242. Mpya ikasema 1,242.42.

Mama alivaa miwani. "Ipi imekosea?"

Nikamweleza ile hesabu ya saba kwa mbili. Kwamba kwa miaka tisa mashine ilikuwa inadondosha senti za kila gari, chini ya shilingi moja kwa siku. Leo, jumla ya zilizodondoka ni shilingi 14.

Hakusema kitu. Alifungua droo ya chini kwa ufunguo aliokuwa nao shingoni, akatoa daftari la jalada gumu. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, kuanzia 2014, na kando ya kila tarehe neno moja na namba. Ziada, 9. Ziada, 27. Ziada, 3. Akaniambia kwamba kila jioni baada ya kulipa watu wote pesa ilibaki kidogo, na hakujua ni ya nani, kwa hivyo aliiweka kando na kuandika. Mikutano miwili ya mwaka mfululizo wenye magari walimsimamisha mbele ya watu aeleze anazikata wapi. Hakuwa na jibu. Yule kijana wa ng'ambo alikuwa hapatikani.

"Kwa hivyo hii mashine," akasema, "ilikuwa inatuibia ama ilikuwa inatuwekea?"

Nilimwambia ilikuwa inafuata sheria zake. Akaniangalia vile huwaangalia makanga walioleta pesa pungufu.

Nilimchapishia orodha ya siku zote, miaka tisa, hesabu ya zamani na hesabu mpya kando kwa kando. Akailinganisha na daftari kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka taa za barabarani zikawaka. Zililingana. Akaikunja, akaiweka kwa mkoba akasema ni ya mkutano wa mwaka. Kisha akasimama, akabandua ile karatasi polepole ili isipasuke, akaibandika kwenye mashine mpya.